Ukiugua katikati ya mazoezi ya mbio: jinsi ya kupumzika, kurudi na kupanga upya

Programu yako iko wiki ya tisa, kasi ndiyo kwanza inaanza kuja, mara homa inakulaza. Siku ya kwanza unalala bila ubishi. Siku ya tatu unaanza kuhesabu kilomita ulizokosa. Siku ya tano bado unakohoa, lakini viatu viko mlangoni. Nimewaona wakimbiaji wengi wakipita njia hiyo, na karibu kila mara msimu huharibiwa zaidi na uamuzi wa siku ile ya tano kuliko zile siku za kulala. Mwongozo huu ni wa siku hiyo na zile zinazoifuata.

Kwanza, jua unachopoteza kweli

Hofu ya kupoteza pumzi ndiyo inayowatoa watu kitandani mapema, kwa hiyo tuitazame kwa takwimu.

Kinachoshuka mapema kabisa ni ujazo wa majimaji ya damu. Hupungua ndani ya siku chache za kutokukimbia, na ndiyo sababu siku ya kurudi moyo unadunda haraka hata kwenye mwendo uliouzoea. Habari njema ni kwamba majimaji hayo hurudi upesi mara unapoanza tena mazoezi. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni, ambao kwa kawaida tunauita pumzi, haushuki kwa kiasi cha kukutisha katika siku 10 za kwanza. Kwa mwanariadha aliyeiva, ukipita muda wa wiki mbili hadi tatu bila mazoezi yoyote hupungua kwa takribani asilimia 7, na ukifika wiki nane kwa takribani asilimia 16. Hata hapo bado mwili wake hauwi kama wa mtu ambaye hajawahi kukimbia.

Ni kweli kwamba siku saba za kulala na homa zinachosha kuliko siku saba za mapumziko ukiwa mzima: huli vizuri, misuli inadhoofika, usingizi unakatikakatika. Hata hivyo, ugonjwa wa wiki moja hauwezi kufuta mazoezi ya miezi mitatu. Kinachoweza kuyafuta ni kuurudisha ugonjwa huo mara mbili au tatu kwa kukimbia kabla haujaisha.

Hatua ya 1: Amua leo kama unakimbia au unalala

Wakimbiaji wengi wanaijua kanuni ya shingo. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, yaani mafua mepesi, chafya, pua kuziba au koo kuwasha kidogo, unaweza kutoka kwa mwendo wa taratibu, dakika 20 hadi 30. Dakika 10 za kwanza ndizo za kupima: kichwa kikizidi kuwa kizito au miguu ikikataa, geuza urudi nyumbani ukitembea. Dalili zikiwa chini ya shingo, kama kikohozi cha kifuani, kifua kubana, kuhara, kutapika, au misuli na viungo kuuma mwili mzima, hakuna kukimbia.

Ni kanuni nzuri lakini ina matundu. Koo lenye usaha, tezi za shingo zilizovimba na maumivu makali ya kichwa vyote viko juu ya shingo, na vyote ni vya kulaza mtu. Homa nayo haina juu wala chini. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, mazoezi yamesimama, hata kama unajisikia una nguvu. Kama huna kipimajoto, baridi ya kutetemeka au kutokwa jasho usiku ni ushahidi wa kutosha.

Homa inastahili heshima hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni joto lenyewe. Kila nyuzi moja inayoongezeka hupandisha mapigo ya moyo kwa takribani 10 kwa dakika, na mwili ambao tayari una joto hauna tena nafasi ya kubeba joto la kukimbia. Ya pili ni moyo. Baadhi ya virusi, vikiwemo vya mafua makali, vya Covid-19 na vile vya kundi la koksaki, vinaweza kushambulia misuli ya moyo na kuifanya ivimbe. Hilo halitokei kwa wengi, lakini likitokea, mazoezi makali huuzidishia moyo madhara na yanaweza kuuvuruga mdundo wake ghafla. Anayegunduliwa na tatizo hilo kwa kawaida huzuiwa michezo kwa miezi mitatu hadi sita. Ukipata maumivu ya kifua, mapigo yanayorukaruka, kuzimia au kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, wakati wa ugonjwa au baada yake, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Najua tunazo hadithi za mashujaa. Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, Kipchoge Keino alikimbia akiwa na tatizo la nyongo, akaanguka uwanjani katika mita 10,000, kisha siku chache baadaye akatwaa dhahabu ya mita 1,500. Ni ushujaa wa kweli na naupenda. Ila yeye alikuwa mbele ya fainali ya maisha yake, na wewe una mazoezi ya Jumanne ambayo wiki ijayo yatakuwepo tena.

Hatua ya 2: Ugua vizuri

Ukishaamua kulala, lala kweli. Acha mazoezi ya tumbo sebuleni, acha baiskeli ya ndani, na usijipe "dakika kumi tu za kunyoosha miguu". Kutembea chumbani na kukaa juani kunatosha. Usingizi ndiyo kazi yako kubwa kwa sasa, na wa mchana nao unahesabiwa.

Kunywa maji mara kwa mara kabla kiu haijakukamata. Mkojo wa rangi ya majani makavu hafifu ni ishara nzuri, na ukiwa wa kahawia unaonyesha uko nyuma. Kula hata kama hamu haipo: vyakula laini vya wanga vya kukupa nguvu, na protini kidogo kila mlo ili misuli isiliwe na mwili wenyewe. Huu si wakati wa kupunguza uzito, hata ukijiambia kwamba hukimbii hivyo huhitaji chakula. Kupambana na homa nako kunakula nguvu.

Halafu anza kuandika. Daftari lako la mazoezi lisifungwe kwa sababu huna kilomita za kujaza. Kila asubuhi andika joto la mwili, saa ulizolala, na mapigo ya moyo ukiwa umepumzika. Kipimo hiki cha mwisho ndicho utakachokitegemea baadaye, kwa hiyo kifanye kwa uangalifu. Kabla hujainuka kitandani na kabla hujashika simu, weka ncha za kidole cha shahada na cha kati upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya mzizi wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chenyewe kupimia, maana nacho kina mpigo wake na utajichanganya. Bonyeza kidogo mpaka uusikie, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Saa ya mkononi inaweza kukufanyia kazi hiyo, mradi utumie chombo kilekile kila siku. Anayejua mapigo yake ya kawaida kabla ya kuugua yuko mbele sana, kwa hiyo kama leo ni mzima na unasoma haya, anza kesho asubuhi.

Sasa dawa, na hapa naomba usome polepole, maana wengi hudhani dawa ni jambo la daktari tu, halihusiani na mbio.

Parasetamoli na dawa za maumivu kama ibuprofeni hushusha homa bila kuondoa ugonjwa. Ukimeza asubuhi ukajisikia mwepesi, wepesi huo ni wa kidonge. Kamwe usimeze ili uweze kukimbia. Ibuprofeni na diklofenaki zina hatari ya ziada: mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizi pamoja na mazoezi huzielemea figo.

Dawa za mafua za kuzibua pua mara nyingi zina sudoefedrini, ambayo hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Pia iko kwenye orodha ya WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, ya dawa zinazokatazwa siku ya mashindano inapozidi kiwango fulani kwenye mkojo. Kama unashindana kwenye mbio zinazopimwa, soma pakiti na umuulize mfamasia kabla hujameza. Zile nyingine za mafua zinazoleta usingizi hukausha mwili na kupunguza jasho, kwa hiyo usikimbie juani zikiwa bado mwilini.

La tatu halijulikani kwa wakimbiaji wengi, na nalisisitiza. Kuna kundi la antibayotiki, zikiwemo siprofloksasini na levofloksasini, ambalo linaweza kudhuru kano, hasa kano ya kisigino. Madhara hayo yanaweza kuonekana ndani ya siku chache au hata miezi baada ya kumaliza dozi, na hatari huongezeka kwa wenye zaidi ya miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi. Ukiandikiwa antibayotiki, mwambie daktari waziwazi: "Mimi ni mkimbiaji, kuna nyingine inayofaa?" Kama hakuna, meza dozi kama ulivyoelekezwa, lakini ongeza mazoezi polepole kuliko kawaida, achana na milima na kasi kwa wiki kadhaa, na kano ikianza kuuma simama umrudie daktari. Na ukiwa na mafua ya virusi, antibayotiki haitakusaidia kitu.

Hatua ya 3: Masharti ya kutoka nje

Kalenda haitoshi kukuambia umepona. Subiri mpaka haya yote yatimie kwa pamoja:

- Joto la kawaida kwa saa 48 bila dawa yoyote ya kushusha homa.
- Hamu ya kula imerudi na umelala usiku mzima.
- Mapigo ya asubuhi hayazidi yale ya kawaida kwa zaidi ya matano.
- Unapanda ngazi na kufanya kazi za nyumbani bila kuhema wala kutaka kukaa.

Sharti la nne ndilo watu wanaloliruka. Ukitaka kukimbia lakini kuoga na kuvaa kumekuchosha, jibu unalo.

Hatua ya 4: Panda taratibu, na asubuhi iamue

Siku ya kwanza ni ya kutembea: dakika 20 hadi 30, kwa hatua za haraka, ukiweza kuongea sentensi nzima. Siku ya pili changanya, kimbia dakika moja na utembee dakika moja, kwa dakika 20. Siku ya tatu kimbia dakika 20 mfululizo, polepole kiasi cha kuona aibu. Kuanzia hapo ongeza dakika tano hadi kumi kila siku ya kukimbia mpaka ufikie muda wako wa kawaida wa mbio za taratibu. Umbali unarudi kwanza, kasi inafuata. Mbio nyepesi zikishakuwa nyepesi kweli, weka mwishoni mikimbio minne ya sekunde 15 ya kufungua hatua. Zikipita bila shida, mazoezi ya kasi yaanze kwa nusu ya kiasi ulichozoea.

Kama ugonjwa ulikulaza na homa, siku za kukimbia taratibu zisipungue idadi ya siku ulizougua. Siku sita kitandani, siku sita za taratibu kabla ya kasi yoyote. Kama yalikuwa mafua ya siku mbili tu bila homa, unaweza kuruka hatua ya kutembea.

Usilihukumu zoezi kwa ulivyojisikia ukiwa barabarani. Siku ya kwanza ya kurudi karibu kila mtu hujisikia vizuri ajabu, maana hewa ni mpya na miguu imepumzika. Subiri kesho yake. Mapigo yakiwa palepale, usingizi ukawa mzuri na koo halijarudi kuwasha, panda hatua moja. Mapigo yakipanda kwa matano hadi kumi, rudia hatua ileile au pumzika siku moja. Yakipanda zaidi ya kumi, au dalili yoyote ikirudi, lala tena na uanze upya ukitembea.

Mkimbiaji mmoja ninayemfahamu, mapigo yake ya kawaida asubuhi ni 52. Baada ya mafua makali alitoka akiwa na 54, na mpango ulikuwa dakika 20 za kukimbia na kutembea. Dakika ya 20 ilipofika alijiona yuko mwepesi mno kusimama, akaenda kilomita nane. Jioni alikuwa na furaha. Asubuhi mapigo yalikuwa 63, mapaja mazito, sauti imekauka. Alilala siku mbili, ya tatu akasoma 53, akaanza tena kwa kutembea. Kilomita zile za ziada zilimgharimu karibu nusu wiki, na ni kwa sababu alipima asubuhi ndiyo maana hazikumgharimu zaidi.

Magonjwa yanayohitaji neno la ziada

*Kuhara na kutapika.* Hapa tatizo kubwa ni maji na chumvi. Tumia pakiti za ORS. Kama huna, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinatosha, na usikisie vipimo. Usikimbie mpaka zipite saa 24 bila kuhara na umekula milo miwili ya kawaida ikatulia. Zoezi la kwanza lisiwe wakati wa joto. Damu kwenye choo, au kushindwa kubakiza hata maji tumboni, ni safari ya hospitali.

*Kikohozi kinachobaki.* Baada ya maambukizi ya njia ya hewa, kikohozi kikavu kinaweza kudumu wiki tatu hadi nane ilhali wewe mwenyewe umeshapona. Kama hakuna homa wala makohozi yenye rangi na mapigo ni ya kawaida, kimbia taratibu, pasha mwili moto kwa muda mrefu zaidi, na epuka hewa kavu ya baridi na vumbi. Kikikukaba kila unapoongeza kasi, au kifua kikipiga filimbi, nenda ukapimwe. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili chenye kupungua uzito au jasho la usiku kinahitaji kipimo cha kifua kikuu bila kungoja.

*Malaria.* Homa yoyote, kama unaishi penye malaria au umetoka huko, ipimwe siku hiyohiyo. Usijitibu kwa kubahatisha. Maliza dozi yote hata ukijisikia vizuri siku ya pili. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, ndizo zinazobeba oksijeni, kwa hiyo usishangae kama wiki mbili baada ya kupona bado vilima vinakuangusha. Omba kipimo cha wingi wa damu kabla hujaanza kujilaumu kwamba umezembea.

*Covid-19.* Fuata hatua zilezile, ukiwa makini zaidi na kifua na moyo. Uchovu wake una tabia ya kuchelewa: unafanya zoezi leo, unaanguka kesho au keshokutwa. Ukiona hivyo zaidi ya mara moja, usipambane nao kwa kuongeza mazoezi. Punguza mpaka chini ya kiwango kinachokuangusha, na umwone daktari.

*Homa ya tezi*, ile inayosababishwa na virusi vya Epstein-Barr, huweza kuvimbisha bandama. Hapo daktari ndiye atakayesema lini urudi, na mara nyingi si chini ya wiki tatu.

Hatua ya 5: Panga programu upya bila kulipa deni

Mazoezi yaliyopita yamepita. Usihamishe mbio ndefu ya Jumapili iliyopita kwenda Jumatano, wala usibane vipindi viwili vya kasi katika wiki moja ili "kufidia". Mifupa na kano hurudi nyuma ya pumzi. Pumzi itakapokuambia uko tayari, kisigino bado hakijafika.

Umekosa siku tatu au pungufu: endelea na programu ilipo, ukiacha zoezi moja gumu. Umekosa kati ya siku nne na saba: wiki ya kwanza ya kurudi ifanye kwa nusu ya kilomita, ya pili kwa robo tatu, kisha jiunge na programu. Umekosa wiki mbili: rudi nyuma kwenye programu wiki mbili au tatu, na punguza mwendo uliopanga wa mashindano. Zaidi ya hapo programu ile imekufa, andika mpya kutokana na unavyokimbia sasa.

Hatua ya 6: Mashindano yakiwa karibu

Ukiugua wiki tatu au zaidi kabla ya mashindano, nafasi ipo, ila lengo la muda libadilike. Ukiugua katika siku 10 za mwisho na ukapona ukiwa na siku nne au tano mkononi, usijaribu kufanya zoezi gumu la kujihakikishia. Mazoezi ya siku hizo hayaongezi chochote. Ukiwa na homa ndani ya siku mbili au tatu za mwisho, usikimbie. Kwa kilomita tano au kumi mtu aliyebakiwa na mafua mepesi anaweza kushiriki kwa mwendo wa mazoezi. Kwa marathoni nakataa kabisa, kwa sababu saa tatu au nne za kazi hazifichi kitu.

Hata bingwa haepuki siku mbaya. Eliud Kipchoge aliingia London Oktoba 2020 akiwa hajashindwa kwenye marathoni tangu 2013. Sikio lake likaziba njiani, akamaliza wa nane kwa saa 2:06:49. Mwaka uliofuata alitetea dhahabu yake ya Olimpiki. Kujiondoa kwenye mashindano moja ili upone kunakuachia mengine mengi mbele.

Kama hupandi

Ukijaribu ngazi ya hatua ya 4 mara tatu na kila mara mwili ukakurudisha chini, au wiki nne zikipita mapigo ya asubuhi bado yako juu, acha kujaribu na umwone daktari. Muulize kuhusu wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, tezi ya thairoidi iliyo shingoni, sukari, na kipimo cha umeme wa moyo kama uliwahi kuhisi kifua au mapigo ya ajabu. Kama hii ni mara ya tatu au nne kuugua katika miezi michache, tazama pia usingizi na chakula: watu wanaolala chini ya saa sita hupata mafua kirahisi zaidi kuliko wanaolala saa saba na kuendelea, na mkimbiaji anayekula pungufu ya anachotumia huugua mara kwa mara.

Chukua lile daftari uende nalo. Mfungulie daktari ukurasa wa mapigo ya asubuhi, muonyeshe siku yalipopanda na ulichofanya siku iliyotangulia, pamoja na majina ya dawa zote ulizomeza.